Herufi Saba

Valmor mchonga mawe hutoza kwa herufi.
Aliniuliza, penseli sikioni,
vumbi la itale kwenye nyusi:
"Jina la ukoo la shangazi yako, nilichonge vipi?
Cheti cha kuzaliwa kinasema Zaidle,
cha ndoa, Saidler,
nawe umeniandikia Zeidler.
Sita au saba, dada?
Sita ni nafuu."

Nikakaa juu ya jiwe ambalo bado halijapata maiti wake.
Ngoja, nikamwambia.

Kabla halijawa jina lilikuwa kazi.
Mtu anakwea msonobari kwa kamba ya katani,
shoka kiunoni, moshi mkononi,
na juu kabisa, mti ungali hai,
anatoboa shimo, anatia mlango wa ubao,
anashuka. Anasubiri.
Nyuki wakihamia, ni wake,
na asali yake, ukiondoa fungu la mfalme;
nta inakwenda kanisani kuwaka.
Huyo ndiye Zeidler: mrina.
Katika msitu wa Nuremberg alitembea na upinde wake,
na warina walikuwa na baraza lao,
wakihukumiana wenyewe kwa wenyewe
nani kaiba kundi la nani.

Kisha karani wa kodi akafika kijijini
akakuta Hans watatu.
Hans yupi huyu?
Hans wa nyuki.
Basi. Usifikiri ukoo huanza kwa ngao na simba;
huanza kwa karani aliyechoka.

Sukari ikaja kwa meli.
Mishumaa ikapungua makanisani, misonobari ikawa mkaa.
Kazi ikafa.
Jina halikupata habari.

Likaendelea kutembea.
Likaoka mikate Saksonia,
likafuma kitani Lausitz,
likapanda mkokoteni hadi mto Volga
na huko likaanza kwa herufi
iliyo kama kiti kilichopinduliwa miguu juu.
Wisconsin, majirani hulitamka kama wanaopiga chafya.
Na Zeidler mmoja, Traugott,
mwenye mke mjamzito na saa isiyokwenda,
alishuka bandari ya São Francisco, kusini mwa Brazili,
mbele ya karani wa pili,
aliyekuwa akila samaki
na aliyeandika alichosikia katikati ya miiba.

"Zaidle," akasema Valmor.
Zaidle, nikasema.

"Na shangazi? Alifuga nyuki?"

Wasemao fuata nyuki ule asali
hawakumjua Ermelinda.
Yeye alifuata king'ora cha kiwanda,
miaka arobaini na mmoja akipinda pindo za taulo.
Mwaka ule nyuki walipofika bondeni kwetu,
wale wa uzao wa Afrika
waliotoroka mizinga ya wataalamu,
walimuua mbwa na bata sita,
na shangazi, binti wa warina,
akaziba madirisha kwa taulo zilizolowa
akalala chini ya kitanda siku mbili
akimtukana kila mdudu mwenye mabawa
kwa Kijerumani ambacho hata babu
hakujua kwamba anakijua.
Asali hakuila tena.
Alisema ina ladha ya kelele.

Lakini bahasha za mshahara,
nimezikuta zote kwenye kopo la biskuti,
kila moja kalifuta jina la mashine
akaandika lake juu kwa kalamu,
polepole, kama anayetoboa mti:
Z, e, i, d, l, e, r.
Sijui nani alimfundisha. Hakuniambia.

Valmor akapuliza vumbi.
"Saba basi," akasema,
akaishika patasi kwa namna
niliyoona vibaya kuitazama.

Risiti niliisoma kwenye basi.
Herufi zilizolipiwa: sita.
Nikahesabu tena. Sita.
Na chini, kwa wino uliovuja, jina lake kamili,
Valmor Pinheiro,
ambalo kwa Kireno
ni msonobari tu.